Kifaru Kwenye Fulana ya Shemeji

Wiki iliyopita tuliachana pabaya. Mkono mmoja nimeshika pasi, mkono wa pili nimeshika shati la shemeji, na shati lina tundu mgongoni lenye umbo la pasi yenyewe.

Aliyejiunga leo nisimchoshe. Mimi wananiita Pasi. Ninaishi kwa dada yangu na mume wake, ghorofa ya tatu, na kitanda changu ni kochi la sebuleni. Kazi yangu ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi. Nimesema ilikuwa. Dakika ile ile nilipounguza shati la shemeji niliunguza na pazia la mteja, na mwenye duka alinionyesha mlango.

Pazia nimeshalisahau. Shati ndilo lililoninyima usingizi, maana lilikuwa shati pekee la heshima la shemeji, na alikuwa amelitunza kwa ajili ya Jumatatu.

Shemeji ni mpakizi kwenye ghala la vigae. Wenzake wanamwita Kifaru, kwa sababu alikuwa anaweka maboksi mawili begani wakati wengine wanahangaika na moja. Miezi mitatu iliyopita alirudi nyumbani ameshika kiuno, akalala kifudifudi, na tangu siku hiyo hakuinua hata birika. Akanunua mkongojo. Akawa anatembea kama mtu anayehesabu hatua.

Jumatatu alikuwa anaitwa mbele ya kamati: meneja wa ghala na daktari wa kampuni. Wao ndio wangeamua ahamishiwe mapokezi, akae kwenye kiti aandike risiti, au aambiwe kwaheri.

"Kwa hiyo mimi nikakae mbele ya kamati na singlendi?" aliniuliza Jumamosi.

"Shem, niachie mimi."

"Si nilikuachia shati?"

Dada aliyekuwa anachambua mchele alicheka puani, halafu akaacha, akajisugua bega.

Dada yangu ni msusi. Siku nzima amesimama nyuma ya vichwa vya watu, na akirudi anapandisha maji kwa madumu, mawili mawili, mpaka ghorofa ya tatu, maana bomba la juu halitoi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya shemeji. Na mimi? Mimi nilikuwa natoka asubuhi mapema na kurudi maji yameshapanda. Nakiri hilo kabisa, maana hapa nimekuja kukiri.

Nikanunua fulana nyeupe. Tupu, haina hata nembo. Shati la maana lilikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo nikaamua kuipa fulana hiyo heshima kwa mikono yangu mwenyewe.

Chini ya jengo letu kuna fundi wa mabango. Jumapili mchana, dada yuko saluni na shemeji amekwenda kutazama mpira, nikamshukia.

"Fundi, nataka kuweka picha ya kifaru kwenye fulana. Mimi kuchora kwa brashi siwezi."

"Basi usichore, puliza," akasema. Akanipa kopo la rangi ya buluu, ile ya kupuliza, lililobaki robo. "Unakata stensili. Yaani unakata tundu lenye umbo la kifaru, unaliweka juu ya fulana, unapuliza. Ndani ya fulana weka ubao, rangi isitokee mgongoni. Simama mbali kidogo. Usikandamize kidole. Puliza, acha. Puliza, acha. Rangi nyembamba mara tatu, siyo nene mara moja."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nikakata stensili ya kwanza kwenye boksi la sabuni, nikaijaribu kwenye foronya iliyochakaa. Boksi likalowa, kingo zikanyanyuka, rangi ikapenya chini. Kifaru akatoka kama kiazi chenye miguu.

Nikashuka tena.

"Boksi linakunywa rangi," fundi akasema bila kuacha kazi yake. "Mimi natumia picha za eksirei za zamani. Hazinywi, hazikunjiki, unafuta unatumia tena."

Picha ya eksirei! Hapo ndipo nilipokumbuka bahasha ya kaki juu ya kabati la chumbani kwa dada. Miaka kadhaa nyuma alianguka kwenye ngazi, akapigwa picha ya mkono. Mkono ulishapona zamani. Picha ya nini tena?

Sasa nakiri. Sikuiangalia vizuri. Niliichomoa, nikaona mifupa, nikasema moyoni mifupa ni mifupa. Nikaitandaza mezani, nikachora kifaru kwa kalamu ya wino mzito, nikaanza kukata kwa wembe.

Picha ya eksirei inakatika vizuri, jamani. Wembe unateleza kama kwenye siagi. Nilikata mgongo, nikakata miguu minne, nikaja kwenye pembe. Pembe niliipa urefu kuliko haki yake, nataka kamati iione. Kosa likawa kwenye jicho. Nilipolikata likadondoka chini, kwa sababu sikuacha kijidaraja cha kulishikilia. Ikabidi nilibandike jicho hilo kwenye fulana peke yake, kwa selotepu niliyoikunja.

Ubao wa kukatia vitunguu wa dada ukaingia ndani ya fulana. Stensili juu yake, nimeibana pande zote. Nikatoka roshani, nikanyoosha mkono, nikapuliza.

Mara ya kwanza, nyembamba. Vizuri. Mara ya pili nikaona kifaru anachelewa, nikakandamiza kidole mpaka kopo likakohoa. Rangi ikatoka yote. Vidole vyangu vikawa buluu, ukuta ukawa buluu, na nzi mmoja aliyekuwa anapita akaenda zake akiwa buluu.

Nikangoja. Nikabandua.

Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Kifaru alikuwa amesimama kifuani pa fulana, kingo zimenyooka, jicho jeupe linakutazama, pembe imeelekea juu. Kwenye mguu wa nyuma rangi ilikuwa imechuruzika kidogo, lakini ukiambiwa ni jasho la kifaru, unakubali.

Shemeji ndiye aliyeiona kwanza. Aliingia na mkongojo wake, akasimama mlangoni, akaiangalia ilivyoning'inia kwenye kamba. Akaivaa, akaenda mbele ya kioo, akakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Huyu ni mimi," akasema polepole. "Mimi yule wa zamani."

Kisha dada akarudi.

"Ngoja nielewe," akasema, mkoba bado begani. "Mtu anakwenda kuiambia kamati mgongo wake umekufa, halafu kifuani amevaa kifaru?"

Tukatazamana, mimi na shemeji. Kwa kweli hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Nitavaa nyingine," shemeji akasema kwa unyonge.

"Nyingine ipi? Zote nimeziloweka asubuhi." Akakaa kwenye kochi langu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Vaa tu kifaru wako. Lakini anieleze mtu, ubao wangu wa vitunguu umepatwa na nini?"

Nililala na furaha. Niliamka na msiba.

Jumatatu asubuhi shemeji alikuwa amekwisha kunywa chai, amechana nywele, fulana imemkaa. Inanuka rangi kidogo, lakini imemkaa.

"Shem, hebu nichukulie ile bahasha juu ya kabati," akasema. "Ile ya kaki. Picha ya mgongo wangu, daktari ameitaka."

Chai ilinipalia.

"Ile si... si ya mkono wa dada?"

"Mkono wangu?" dada akasema kutoka jikoni. "Ile niliitupa tulipohamia hapa. Hiyo ni ya mgongo wake, aliileta mwezi jana. Vipi, mbona umekauka hivyo?"

"Chai ya moto."

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Bahasha ilikuwepo, tupu. Stensili yangu ilikuwa nyuma ya kochi, na kile kipande nilichokitoa, kifaru mwenyewe, kilikuwa chini ya meza. Nikavikusanya kama mwizi. Nikakirudisha kipande kwenye tundu lake, nikakishika kwa selotepu. Nikainua picha kuelekea dirishani.

Uti wa mgongo wa mtu ulikuwa unapita katikati ya tumbo la kifaru, na pande zote amezungukwa na madoa ya buluu. Jicho halikuwepo. Jicho sikuliona tena maisha yangu.

Nikaitumbukiza kwenye bahasha, nikaifunga.

"Nitakusindikiza, shem," nikasema nilipotoka.

"Hapo umefanya utu," akajibu.

Dada alimsimamisha mlangoni. Akamnyoosha fulana mabegani, akamtoa uzi uliokuwa shingoni.

"Nenda ukatafute kiti, mume wangu," akamwambia. "Umesimama vya kutosha."

Halafu akachukua madumu mawili matupu, akatutangulia kushuka ngazi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Zahanati ya daktari wa kampuni iko upande wa pili wa barabara, mkabala na ghala, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Kwa mkongojo wa shemeji ulikuwa mwendo wa nusu saa. Mara tatu nilifungua mdomo niseme. Mara ya kwanza likapita lori. Mara ya pili akasimama kusalimiana na mtu aliyeisifia fulana. Mara ya tatu niliogopa tu, basi.

Tukaketishwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, ghorofa ya kwanza. Shemeji akanyoosha mkono.

"Nipe bahasha yangu."

Nikampa, lakini sikuiachia. Akavuta. Nikavuta.

"Shem, vipi wewe?"

"Nimeikata," nikasema.

"Umekata nini?"

"Picha. Nimeikata kifaru. Huyo kifaru uliyemvaa ametoka kwenye mgongo wako. Nilidhani ni mkono wa dada. Shem, nipige tu, usiniambie maneno."

Nikafumba macho. Nikangoja kofi.

Badala yake nilisikia mkongojo unaanguka sakafuni. Nikafumbua macho. Shemeji alikuwa amesimama. Amesimama wima, kifua mbele, kama mlingoti. Akaninyanyua kutoka kwenye benchi, mimi mzima, akanikumbatia miguu yangu ikining'inia.

"Umeniokoa!" akaninong'oneza sikioni. "Shem, umeniokoa, Mungu akupe maisha marefu!"

"Mgongo wako!" nikasema.

"Shhh!" Akanishusha haraka, akaangalia huku na huku, akaokota mkongojo, akapinda tena. "Kaa chini. Ile picha siyo yangu."

"Siyo yako kivipi?"

"Ni ya dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo pale ghalani. Yeye ndiye mgonjwa kweli. Niliiazima kwake, nikakwangua jina lake pale pembeni. Wiki nzima sikuli vizuri, nawaza daktari akiligundua nitajificha wapi. Sasa imeharibika! Haina kazi tena! Wataahirisha, mimi nitapata muda wa kufikiria."

Nilibaki mdomo wazi. Miezi mitatu! Mkongojo, kulala kifudifudi, dada kumkanda kwa maji ya moto kila jioni.

"Kwa hiyo huumwi?"

Akajiinamia. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mzima yule ana aibu.

"Miaka kumi na tisa nabeba vigae, shem. Siku moja nilipita mapokezi nikamwona yule jamaa amekaa, feni inampepea, anakoroga chai. Nikajiuliza, huyu na mimi tumezaliwa na migongo tofauti? Nikarudi nyumbani nimeshika kiuno. Ilikuwa iwe siku mbili tu. Dada yako akanitandikia, akaniambia pole. Nikashindwa kuinuka."

"Na mgongo hauumi hata kidogo?"

"Unauma, kwa nini usiume? Nani ghalani haumwi mgongo? Huo siyo ugonjwa, hiyo ni kazi."

Mlango ukafunguliwa.

"Kifaru!" meneja akaita. "Ingia, ingia. Na wewe uliyemleta, ingia umsaidie."

Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Akapokea bahasha, akachomoa picha. Kipande kikaachia selotepu, kikaanguka mezani mbele ya meneja. Kifaru mweusi, amelala ubavu.

Meneja akajisogeza nyuma na kiti chake.

Daktari akavaa miwani. Akainua picha iliyobaki kuelekea dirishani, na kupitia kwenye lile tundu tukamwona mwanamke barabarani anapita na mwavuli. Akaishusha. Akaiangalia fulana ya shemeji. Akaiangalia tena picha.

"Sogea hapa, ndugu," akasema.

Shemeji akajikokota. Daktari akaiweka picha kifuani pake, akaisogeza kidogo kushoto. Ikaingia sawasawa, pembe kwenye pembe, mkia kwenye mkia.

Meneja aliweka kichwa mezani. Mabega yakawa yanamtikisika.

"Ni mimi, daktari," nikasema. "Shemeji hana kosa. Mimi ndiye niliyekata. Nilitaka apendeze."

"Na amependeza," daktari akasema bila kucheka. "Katika kazi yangu nimeletewa picha zilizolowa chai, nimeletewa zilizotafunwa na panya. Hii ni mpya."

Shemeji akavuta pumzi ndefu ya huzuni. Ungemwonea huruma. "Ndiyo hivyo, mama. Ushahidi wangu wote umepotea. Labda tupange siku nyingine, mwezi ujao..."

"Mwezi ujao wa nini? Mashine ya eksirei iko hapo chini. Shuka upigwe nyingine sasa hivi, tunakungoja."

Nilimwona shemeji anabadilika rangi. Aliniangalia kama mtu anayezama anavyomwangalia mtu aliye nchi kavu.

Wakamchukua. Mimi nikarudi kwenye benchi. Baada ya muda mpiga picha alipanda ngazi kwa kasi.

"Nani ndugu wa yule mgonjwa?" akauliza. "Amevua fulana, kumbe ana mnyama wa buluu kifuani! Ni alama ya kuzaliwa au ni kitu gani?"

"Rangi haijakauka vizuri," nikasema. "Niliweka nene mara moja."

Alikwenda zake anatikisa kichwa. Hapo hapo simu yangu ikalia. Dada.

"Mmefikia wapi?" akauliza, anahema. "Mimi ndiyo namaliza maji hapa, safari ya nne hii. Nimemtandikia, akirudi alale. Amekaa vizuri huko? Kiti kina mgongo? Usimwache akae kwenye benchi, benchi linamuumiza."

Wasomaji wangu, uongo nilikuwa nao. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, mzuri, umenyooka. Lakini nilimsikia anavyohema, nikasikia dumu linatua sakafuni, na yule mtu mwenye afya yake alikuwa ameninyanyua juu kama mto wa kochi dakika chache tu zilizopita.

"Dada, kaa chini," nikasema.

Nikamwambia yote. Picha ya dereva wa foklifti, jina lililokwanguliwa, feni, chai, siku mbili zilizogeuka miezi mitatu, na jinsi alivyoninyanyua pale kwenye benchi.

Nilidhani simu imekatika.

"Rudia hapo kwenye kunyanyua," akasema.

"Aliniinua, dada. Miguu yangu haikugusa chini."

"Bila mkongojo?"

"Mkongojo ulikuwa umeanguka."

"Haya," akasema. Akakata.

Hilo "haya" la dada yangu nalijua tangu utoto. Kuna "haya" ya sawa na kuna "haya" ya tutaonana. Hii haikuwa ya sawa.

Shemeji alirudi amevaa fulana yake, amelowa jasho. Tukaitwa ndani. Daktari alikuwa amesimama dirishani, picha mpya mkononi, ametugeuzia mgongo. Meneja alikuwa ameacha kucheka.

"Ndugu," daktari akasema, "uliumia lini?"

"Miezi mitatu iliyopita, mama," shemeji akajibu kwa sauti ya mtu anayekwenda kunyongwa.

"Hapana."

Shemeji akafumba macho. Nikajua yamekwisha.

"Hii siyo ya miezi mitatu," daktari akaendelea. "Hii ni ya miaka. Njoo uone. Pingili hizi mbili zimesogea, ile nafasi ya katikati imekwisha, mfupa unasaga mfupa. Mtu mwenye mgongo huu nilitegemea aletwe amelala."

Shemeji akafumbua jicho moja. Akanitazama mimi, akanikonyeza.

"Umempa nini?" akaninong'oneza.

"Sijampa kitu," nikasema.

"Shem, umempa nini huyu mama?"

"Sijafanya kitu, wallahi!"

"Unaona nacheza?" Daktari alimgeukia, na uso wake haukuwa wa mchezo hata kidogo. "Vidole vya mguu wa kushoto vinakufa ganzi?"

"Kidogo," shemeji akasema. "Asubuhi. Lakini si kila mtu..."

"Si kila mtu. Usiku unageuka vipi kitandani?"

"Najishika kwenye ukuta."

"Na uliona hiyo ni kawaida?"

Mkono wa shemeji ulikwenda nyuma kiunoni wenyewe, polepole, ukapapasa, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba yake na kukuta kitasa kimebadilishwa.

"Sikiliza vizuri," daktari akasema. "Kuanzia leo hubebi kitu. Sisemi vigae, nasema kitu chochote. Ndoo, mkoba, hata mtoto. Ukiinua mzigo mmoja vibaya, hiyo pingili ikasogea tena, miguu hii inaweza isikuitikie. Meneja amesikia."

"Nimesikia," meneja akasema. "Kiti cha mapokezi ni chako, Kifaru. Pole sana."

Alikuwa amepata alichokitaka. Sijawahi kuona mtu aliyepata alichokitaka akiwa na uso ule.

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Shem, mpigie dada yako," akasema. "Mwambie ni kweli. Mwambie naumwa kweli kweli. Nataka asikie kutoka kwako, wewe hujui kumficha kitu."

"Nimeshaongea naye," nikasema.

"Lini?"

"Ulipokuwa chini."

"Ukamwambiaje?"

Sikuwahi kujibu, kwa sababu hatua zilisikika kwenye ngazi. Hatua za mtu ambaye miezi mitatu amezoea kupanda na mzigo.

Mlango haukubishwa. Dada aliingia na sanduku. Lile sanduku kubwa la shemeji, limejazwa mpaka mkono wa shati lililolowa umebanwa kwenye zipu na unadondosha maji sakafuni. Akalitua mbele ya miguu ya mume wake. Kishindo chake kikatikisa vikombe vya chai vya kamati.

"Samahani, wazee," akawaambia meneja na daktari. "Sitawachelewesha."

Kisha akamgeukia shemeji.

"Nguo zako hizo. Beba."

"Mke wangu..."

"Miezi mitatu nimebeba mimi. Leo beba wewe."

"Dada, anaumwa," nikaruka. "Anaumwa kweli, daktari ameona sasa hivi!"

"Wewe nyamaza. Nusu saa iliyopita alikuwa mzima. Umenambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Mama," daktari akasema, ameinyanyua picha, "mumeo asiguse hilo sanduku. Hebu njoo uangalie hapa."

Dada hakugeuza hata shingo.

"Picha?" akasema. "Daktari, picha ya mgongo wa mume wangu nilikuwa nayo juu ya kabati langu mwezi mzima. Naifuta vumbi. Nazijua picha zenu."

Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa na machozi. Alikuwa anamtazama shemeji tu, na shemeji anamtazama yeye, na sisi wengine ni kama hatukuwepo chumbani.

"Nilikukanda kila jioni," dada akasema kwa sauti ndogo. "Nikikuuliza inauma wapi, unanionyesha."

"Nilikuwa nakuonyesha inapouma," shemeji akasema.

"Beba, tuondoke."

Daktari akaweka picha mezani, akaanza kuzunguka meza. Meneja akasimama. Mimi nikapiga hatua moja, mkono wangu umenyooka mbele.

Shemeji akauegemeza mkongojo ukutani, taratibu, kama mtu anayeweka kitu asichokihitaji tena. Akaniangalia na kutikisa kichwa: niache.

Halafu akainama, akashika mpini wa sanduku.